Kanuni ya Simu na Haki ya Mjane

Ndugu wasomaji, elimu ya mirathi ni elimu ya hesabu, na hesabu ya mirathi ikikosewa huwa dhuluma. Kwa hiyo napenda kuwaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe, ili vijana wetu wa Ngara na Biharamulo, ambao simu haziwatoki mkononi, wapate kujihadhari.

Simu za siku hizi zina programu za majedwali, kama Excel na Google Sheets. Jedwali lina visanduku, na kila kisanduku kina jina lake, kama B1 au B2. Mtu akianza kwa alama ya = aweza kutunga kanuni yake mwenyewe. Mathalan, ikiwa B1 ni mali ya kugawanywa, =B1/8 hutoa thumni ya mke mara moja; na kila mali ibadilikapo, jawabu nalo hubadilika lenyewe.

Kanuni hizo nilizitunga kwa ajili ya familia moja. Marehemu aliacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke alipata thumni, mama sudusi, na baki ikawa mafungu 5: kila mwana mawili, binti moja. Nikalihifadhi jedwali, nikajiona nimepumzika.

Baadaye nikaitwa kwa familia nyingine. Huyu aliacha mke, mama, na ndugu mmoja wa baba na mama. Hakuacha mtoto, na baba yake alikwisha kufa. Mali yake ilikuwa fedha za kahawa ya Ngara na mbuzi waliokuwa Biharamulo. Baada ya mbuzi kuthaminiwa, gharama za maziko kutolewa na madeni kulipwa, zilibaki shilingi 2,400,000, wasia hakuacha. Nikafungua jedwali lile lile, nikaandika jumla, nikawasomea: mke 300,000, mama 400,000, na baki 1,700,000 ya ndugu.

Mjane akainua kichwa, akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi sikujaaliwa mtoto. Mbona napewa fungu la mwenye watoto?"

Nikanyamaza kwa haya. Hukumu yake imo katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, ambazo nimezisomesha miaka mingi. Mume asipoacha mtoto, fungu la mke ni robo; na mama, pakiwa hapana mtoto wala ndugu wengi, hupata thuluthi. Basi haki ilikuwa mke 600,000, mama 800,000, na ndugu 1,000,000. Wanawake wawili walikuwa karibu kupunjwa shilingi 700,000 mbele ya macho yangu. Tena jumla ya mafungu yale ya makosa ilikuwa 2,400,000 barabara! Simu haikukosea kugawanya. Mimi ndiye niliyeiuliza swali la watu wengine.

Sasa nimeandika hivi: B2 ni idadi ya watoto wa marehemu, pamoja na watoto wa wanawe wa kiume; na fungu la mke ni =IF(B2=0,B1/4,B1/8). Maana yake, pasipo mtoto toa robo, akiwapo toa thumni. Hata hivyo, kanuni haimjui mrithi aliyesahauliwa, wala deni lililofichwa.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 9, huko Baghdad, Muhammad bin Musa Al-Khawarizmi alitunga kitabu chake cha al-jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Jina lake ndilo asili ya neno algorithimu, litumiwalo leo kwa taratibu zinazoendesha hizo simu zetu.

Basi, enyi vijana, tumieni simu, lakini daftari litangulie. Andikeni kwanza: amekufa nani, ameacha nani, anadaiwa nini, ameusia nini, na wasia usipite thuluthi. Mwulizeni mwenye elimu. Kisha yasomeni mafungu kwa sauti mbele ya warithi wote, wanaume na wanawake, kabla shilingi moja haijatoka. Kwani siku ile aliyeniokoa na dhuluma hakuwa na simu.

Wassalaam.