Kupe Hamngoji Mpiga Picha wa Ndege, Anamfuata

Kuna ndege ambao huwezi kuwapiga picha ya maana ukiwa umekaa garini. Mmoja wao ni kipozamataza wa Beesley, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye mbuga za nyasi fupi karibu na Engikaret, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga. Ana rangi ya udongo na hupenda kukimbia chini kuliko kuruka. Anayemtaka hushuka, hutembea na vijana wa Kimaasai wanaojua anakoshinda, kisha hulala kifudifudi, lenzi ikiwa usawa wa nyasi, na kutulia tuli. Papo hapo ndipo mifugo inapolishwa.

Kwa kupe, mtu wa namna hiyo ni riziki iliyojileta yenyewe.

Wapiga picha wengi hujifunza habari za kupe kwenye intaneti, na wanachokikuta huko ni ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji mmoja wa Connecticut, Marekani. Wanaambiwa wachunguze duara jekundu kwenye ngozi. Ushauri huo si mbaya, ila unahusu kupe wengine. Kupe wa jamii ya Ixodes, wanaoeneza Lyme Ulaya na Amerika Kaskazini, hupanda kwenye majani, hunyoosha miguu ya mbele na kungoja mnyama apite. Amblyomma, kupe wakubwa wa ng'ombe na nyati wa huku kwetu, wao huwinda. Kwenye miguu yao ya mbele kuna kiungo cha Haller, kinachonusa kaboni dioksaidi tunayoitoa tukipumua. Tulia karibu na njia ya nyati majira ya mvua, utamwona dume la Amblyomma variegatum: mgongo wa rangi ya chungwa wenye michoro myeusi, miguu yenye pete nyeupe. Anatembea, anasimama, anainua miguu ya mbele hewani, halafu anashika njia kuja ulipo. Mpiga picha anayejisifu kwamba alikaa saa nzima bila kutikisika ajue kuwa kupe naye alikuwa na saa nzima ya kumfikia.

Wakubwa hao angalau wanaonekana. Tabu iko kwa wachanga wenye miguu 6, wadogo kuliko punje ya ulezi, ambao hukaa kwa makundi na kumparamia mtu kwa makumi. Usifikiri kwamba kwa kuwa hawajawahi kunyonya damu basi ni wasafi. Bakteria aitwaye Rickettsia africae hupita kutoka kwa kupe mama hadi kwenye mayai yake, kwa hiyo kupe anaweza kuanguliwa akiwa naye tayari.

Bakteria huyo ndiye anayeleta homa ya kupe ya Afrika. Daktari Adrianus Pijper wa Afrika Kusini alisema tangu miaka ya 1930 kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, lakini hakusikilizwa. Ilibidi ingojewe miaka ya 1990 ndipo bakteria akatambuliwa rasmi. Siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa huja homa, kichwa kuuma, shingo kukaza, na mitoki kwenye kinena au kwapa. Alama kubwa ni kigaga cheusi kilichozungukwa na wekundu pale kupe alipouma. Mara nyingi vigaga huwa zaidi ya kimoja, na hupenda kujificha nyuma ya goti, kinenani na chini ya mkanda wa suruali, mahali ambapo daktari haoni asipomvua mgonjwa nguo.

Na mara nyingi hamvui. Homa huku kwetu hudhaniwa malaria kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali 2 za Moshi. Asilimia 60.7 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria, lakini waliothibitishwa kuugua kwa sababu hiyo walikuwa asilimia 1.6 tu. Wagonjwa 36 walikutwa na maambukizi ya jamii ya rickettsia za homa ya madoa, ambayo ndiyo jamii ya homa ya kupe. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba dawa yake, doksisaiklini, ni ya kawaida na ya bei nafuu, na mgonjwa akiipata kwa maelekezo ya daktari, homa kwa kawaida hushuka ndani ya siku chache.

Tuje kwenye kinga. Ingiza suruali ndani ya soksi, hata kama unachekwa, na vaa rangi isiyokolea ili umwone kupe akipanda. Nguo zinyunyizwe pemethrini, dawa ambayo hutiwa pia kwenye baadhi ya vyandarua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iache kwa ng'ombe. Kwenye ngozi paka DEET, lakini hapa mpiga picha ana hasara ya ziada: DEET huyeyusha plastiki na hubabua mpira wa kamera. Futa viganja vizuri kabla ya kushika lenzi, au tumia pikaridini, ambayo haina tatizo hilo. Kulalia turubai husaidia kidogo tu, maana anayekunusa atalipanda.

Usimtegemee shashi. Picha yake akiwa mgongoni mwa nyati huandikwa kila mara kwamba ni daktari wa wanyama. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa ng'ombe waliozuiliwa shashi hawakuzidiwa na kupe wakubwa, na kwamba ndege huyo hupenda sana kunywa damu kwenye vidonda.

Ukimkuta kupe amekung'ata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute taratibu moja kwa moja. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti havifai. Wala usimpasue kwa kucha: kupe wa jamii ya Hyalomma hubeba virusi vya homa ya Kongo-Krimea, ambayo imekuwa ikiibuka Uganda, na virusi hivyo vinaweza kupenya kwenye mchubuko wa kidole. Osha kwa sabuni, mtie kupe kwenye kichupa, andika tarehe na mahali. Kabla hujamfungia, kama una lenzi ya makro, mpige picha ya mgongo. Homa ikija, piga na kigaga, uende na picha zote mbili kwa daktari pamoja na jibu lako la malaria.