Je, Wajua? Gia ya Pikipiki Huingia Hata Bila Klachi

Ndani ya giaboksi ya pikipiki nyingi, meno ya gia zote hukaa yameshikana muda wote. Kinachohama ni gia zenye vidole vifupi vya chuma ubavuni, ambavyo huteleza na kuingia kwenye matundu ya gia ya jirani. Injini ikiwa inasukuma, vidole hubanwa na havitoki. Dereva akirudisha resi kidogo tu huku ncha ya kiatu ikiinua pedeli, vinaachia na gia ya juu inaingia. Klachi haijaguswa.

Pikipiki za mashindano hufanya hivyo kwa kifaa kinachokata moto wa plagi kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kushusha gia ni kugumu zaidi, na kwa kuondoka klachi haikwepeki. Anayelazimisha gia husaga kingo za vidole. Zikishaviringika, gia huanza kuruka yenyewe mlimani, jambo la hatari kubwa kwa aliyepakia abiria.

Mwaka 1958 kampuni ya Soichiro Honda ilitoa Super Cub, isiyo na mkono wa klachi kabisa. Klachi yake hushika yenyewe injini inapoongeza mzunguko, na kukanyaga pedeli ya gia huiachia. Lengo mojawapo lilikuwa mpeleka tambi wa Japani aweze kuendesha kwa mkono mmoja, mwingine umebeba trei ya chakula. Kufikia 2017, Super Cub milioni 100 zilikuwa zimetengenezwa.