Mtafiti wa Sera za Miji na Neno "Mkazi": Mfano wa Kakuma

Utafiti wa sera za miji ni taaluma inayosimama baina ya chuo na ofisi ya serikali. Mtafiti huchunguza jinsi watu wanavyopata maji, makao na riziki mjini, kisha huyageuza matokeo yake kuwa mapendekezo yanayoweza kutengewa fedha. Nchini Kenya, uwanja huu ulipanuka baada ya Katiba ya 2010 kuasisi serikali za kaunti, na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 kuweka bodi na mameneja wa manispaa.

Kaunti ya Turkana, ambayo makao yake makuu ni Lodwar, inatoa mfano mwafaka. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kama hifadhi ya muda. Hata hivyo, utafiti wa shirika la IFC, lililo chini ya Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018, ulikadiria kuwa soko la Kakuma lilikuwa na thamani ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Takwimu hizo zilidhihirisha kuwa palipoitwa kambi palikwisha kuwa mji. Hatimaye Kakuma ilipewa hadhi ya manispaa.

Hapo ndipo lilipozuka swali la msingi: mkazi ni nani? Sheria ya 2011 inawapa wakazi haki ya kujadili mambo ya mji wao. Mkimbizi hapigi kura, ilhali anafanya biashara na kutumia barabara za mji huo. Mtafiti akiandika "raia" badala ya "mkazi", amemfuta mkimbizi. Kwa upande mwingine, akimhesabu tu aliye na nyumba ya kudumu, amemfuta mfugaji wa wadi ya Lopur, ambaye malisho yake huenda yakamezwa na ramani ya mji.

Waama, suala hili ni la lugha sawa na lilivyo la utawala. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, na mikutano ya umma huwakutanisha Waturkana, Wasomali, Wakongo na wengineo. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kupima uzito wa maneno ana nafasi katika kazi hii, kwani neno moja katika hojaji huamua nani atahesabiwa na nani atachimbiwa kisima.