Fundi wa Kiyoyozi Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi, mijini siku hizi nyumba nyingi zina mashine ukutani: sanduku moja ndani, jingine nje. Mashine hii haitengenezi joto wala baridi. Huhamisha joto tu. Zile zinazogeuzwa, wakati wa baridi huvuta joto la nje na kuliingiza ndani. Ndiyo maana kilowati 1 ya umeme yaweza kuleta joto la kilowati 3 hivi.

Mwenye nyumba huona raha. Haoni fundi anayening'inia ghorofa ya 4 bila mkanda. Hajui kwamba gesi ya R-32 huweza kushika moto, wala kwamba kabla ya kuifungulia lazima hewa yote ivutwe mabombani kwa pampu. Wapo wakubwa wasemao, "Pampu iache, tumechelewa!"

Mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za HFC, ambazo zikivuja huongeza joto la dunia. Mapatano ni mema, lakini yanatimizwa na mikono ya fundi.

Basi tudai mkanda, vyombo kamili na mafunzo yenye malipo. Akikataa mmoja kupanda, atafukuzwa; tukikataa wote, kazi itangoja.