Wingi na Ubora wa Tamthilia za Mtandaoni: Nani Analipa, na Analipia Nini?

Mjadala kuhusu wingi na ubora wa vipindi asilia katika huduma za utiririshaji kwa kawaida huelekezwa kwa wasanii, ambao husifiwa wakitoa kazi nzuri na kulaumiwa kwa uvivu wa kufikiri wanapotoa kazi nyingi zinazofanana, ilhali urefu wa tamthilia, idadi ya sehemu zake na muda unaotumika kuiandaa huamuliwa zaidi na biashara kuliko sanaa, yaani na namna fedha zinavyohesabiwa kabla hazijamfikia mtayarishaji. Utiririshaji ni njia ya kutazama picha moja kwa moja kupitia intaneti bila kuzipakua kwanza, na kipindi asilia ni kile ambacho huduma husika imekigharimia yenyewe au imekinunulia haki ya kukionyesha peke yake, tofauti na filamu ya zamani iliyokodiwa ili kujaza ghala.

Kampuni ya Netflix, iliyoanza utiririshaji mwaka 2007, ilipata heshima mwaka 2013 kwa tamthilia ya House of Cards, na Januari 2016 ikaingia kwa mpigo katika nchi nyingine 130, Tanzania ikiwemo. Mteja wa huduma ya aina hii halipii kipindi kimoja kimoja, hulipa ada ya mwezi inayomfungulia ghala zima, na kwa sababu hiyo kipindi kizuri kupita vyote hakina faida kubwa kwa mwenye huduma endapo mteja atakimaliza kwa siku mbili kisha akasitisha malipo. Dawa iliyoonekana kufaa ilikuwa kuhakikisha kwamba kila wiki kuna kitu kipya, na washindani walipoiga dawa hiyo, idadi ya tamthilia mpya na zinazoendelea nchini Marekani ilipanda hadi kufikia 599 mwaka 2022, kisha ikashuka hadi 516 mwaka uliofuata, baada ya Netflix kupoteza wateja katika nusu ya kwanza ya 2022, kampuni nyingi kubana matumizi, na waandishi pamoja na waigizaji kugoma. Chaneli ya HBO, iliyojijengea jina kwa kutoa kazi chache zilizoandikwa kwa uangalifu, ilitajwa mara kwa mara kama mfano wa njia nyingine, ingawa nayo ilikuwa na miongo kadhaa ya ada za wateja wenye kipato kizuri ya kuegemea.

Afrika iliguswa na wimbi hilo katika nchi chache tu. Netflix ilieleza mwaka 2023 kwamba tangu 2016 ilikuwa imewekeza dola za Marekani milioni 175 katika kazi za Afrika Kusini, Nigeria na Kenya, sehemu kubwa ikienda Afrika Kusini. Amazon, iliyoingia kwa kishindo, ilitangaza Januari 2024 kwamba inaacha kugharimia kazi mpya barani. Showmax, huduma ya Afrika Kusini iliyoanza 2015, ilizinduliwa upya mwanzoni mwa 2024 ikiwa na orodha ndefu ya vipindi asilia, na hasara yake ikaongezeka. Tanzania haikuwamo katika mgawo mkubwa wa fedha hizo, jambo linalofanya historia yake kuwa na funzo la pekee, kwa kuwa nchi ilipita katika mvutano ule ule wa wingi na ubora kwa njia zake yenyewe, na mara zaidi ya moja.

Mtazamaji anayefaa kuwekwa mbele ya macho katika suala hili ni yule wa mahali kama Lugoba, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, unaojulikana kwa machimbo ya mawe yanayosagwa kuwa kokoto na kupakiwa kwenye malori yaendayo Dar es Salaam. Dereva anayesubiri zamu ya kupakia hutazama tamthilia kwenye simu, kwa bando alilonunua kwa pesa ya mtandao na linalokwisha muda wake kesho saa kama hizi, na jioni familia hukaa mbele ya runinga iliyounganishwa na king'amuzi kilicholipiwa kwa mwezi, kama hakijakatika. Huduma za kigeni zilizozoea kudai kadi ya benki na intaneti isiyo na kikomo zimekuwa mbali naye. Kwake ubora una kipengele ambacho wahakiki hukisahau, nacho ni uzito wa picha: sehemu ya dakika 50 iliyopigwa vizuri sana lakini ikamaliza bando katikati ni kazi ambayo kwa vitendo hajaiona.

Si jambo jipya kwa ukanda huu kutengenezewa picha kwa wingi na kwa bei ndogo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio wa sinema uliogharimiwa kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani ulitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na uwekaji akiba, ukitumia mikanda myembamba ya milimita 16 na sauti iliyorekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri ili kupunguza gharama, kisha filamu hizo zikazungushwa kwa gari na kuonyeshwa vijijini. Mlipaji alitaka kujua kama filamu zinaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kufika mbali, naye akapata alichokilipia. Kama hadithi zenyewe zilikuwa na mvuto wa kumfanya mtu arudi kutazama tena, hilo halikuwa swali kubwa la waendeshaji wake.

Enzi ya pili, ambayo Watanzania wengi wanaikumbuka, ni ile ya Bongo Movie za kanda na baadaye DVD, iliyoshika kasi baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 na kufikia kilele katika miaka ambayo mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, alikuwa amekwisha kuonekana katika filamu zaidi ya 40. Wasambazaji wa Kariakoo walikuwa wakinunua haki ya filamu kwa malipo ya mara moja na kuuza nakala, na kwa kuwa nakala ndiyo iliyokuwa ikiuzwa, hadithi moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Hapo ndipo zilipozaliwa zile dakika ambazo kila mtazamaji anazifahamu: gari linapiga honi getini, mlinzi anatoka taratibu, geti linafunguliwa lote, gari linaingia, linaegeshwa, dereva anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi sebuleni, anavua viatu, ndipo mazungumzo yanapoanza, na mazungumzo yenyewe yanarudia yale aliyokwisha kuambiwa jirani katika onyesho lililotangulia. Wahakiki waliziita dakika hizo udhaifu wa uongozaji, na kwa kiasi fulani walikuwa sahihi, lakini hakuna mwongozaji aliyezipenda kwa ajili ya sanaa, bali zilikuwepo kwa sababu hadithi ya saa moja na nusu ilipaswa kujaza DVD mbili. Uharamia wa nakala, ambao stempu za kodi zilizoanza kutumika mwaka 2013 hazikuuzuia, ulizidi kupunguza kile ambacho msambazaji angeweza kulipa, na kadiri malipo yalivyopungua ndivyo filamu zilivyofyatuliwa kwa siku chache zaidi.

King'amuzi kilibadilisha hesabu. Azam TV ilipoanza mwishoni mwa 2013 na baadaye kuwa na chaneli ya Sinema Zetu, na Maisha Magic Bongo ya MultiChoice ilipoanza kuagiza tamthilia ndefu kama Huba, iliyoanza 2017, na Jua Kali ya mwongozaji Leah Mwendamseke, maarufu kwa jina la Lamata, iliyoanza 2021, mtayarishaji alipata mlipaji anayejulikana, mkataba na ratiba. Mlipaji huyo, kama Netflix, hakuwa akiuza kipindi, alikuwa akiuza mwezi, na mwezi wa mteja hulindwa vizuri zaidi na tamthilia isiyokwisha kuliko na filamu moja nzuri. Matokeo yake ni mamia ya sehemu, ambazo mtu anaweza kuzidharau akizilinganisha na filamu ya tamasha, ila akifuatilia majina yanayopita mwishoni ataona faida ambayo haionekani kwenye hadithi: wapiga picha, mafundi wa sauti, wahariri na wasimamizi wa mavazi wanaofanya kazi mwaka mzima. Sauti, iliyokuwa aibu kubwa ya enzi ya DVD, wakati maikrofoni ya kamera iliponasa feni, jogoo na pikipiki kwa usawa na maneno ya mwigizaji, imekuwa safi kwa sababu mtu yule yule ameishughulikia kila siku kwa miaka. Muswada ndio uliobaki nyuma. Mwandishi anayetakiwa kutoa sehemu kadhaa kwa wiki hana muda wa kuandika rasimu ya pili, na hapo hurudia silaha zinazofahamika, yaani urithi, mimba ya siri, mchepuko na ajali ya gari inayomwondoa mwigizaji ambaye mkataba wake umekwisha.

YouTube, ambayo kwa vijana wa Lugoba ndiyo huduma ya utiririshaji hasa, ina kipimo kikali zaidi. Mwenye chaneli haanzi kulipwa mgao kamili wa matangazo mpaka afikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au idadi kubwa mno ya watazamaji wa video fupi, na video yake haiwekewi matangazo ya katikati kama haijafika dakika 8, ndiyo maana sehemu nyingi za tamthilia za vijana hukomea muda mfupi tu baada ya kuvuka mpaka huo, mara nyingi mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Isitoshe, tangazo analoonyeshwa mtazamaji wa Tanzania hulipwa kidogo kuliko analoonyeshwa wa Ulaya au Marekani, hivyo kikundi cha wasanii watano wenye kamera moja hulazimika kutafuta watazamaji wengi mno ili kugawana kiasi kidogo. Kwao kuhubiriwa ubora bila kuguswa kwa hesabu hiyo ni maneno matupu.

Ushahidi kwamba tatizo halikuwa kipaji upo karibu, huko pwani. Mwaka 2012 ilianza kurushwa tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Bagamoyo na kampuni ya MFDI Tanzania, ikimfuata kijana mpiga picha aitwaye Cheche Mtungi, familia yake na tamaa zake, na ikagusa ndoa, uzazi wa mpango na Virusi vya UKIMWI bila kuwageuza wahusika kuwa mabango ya matangazo. Ilikuwa na sehemu 26 tu. Lugha yake ilikuwa Kiswahili cha watu wanaoishi mahali, mitaa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo na ufukwe wa wavuvi vilionekana kama makazi yenye shughuli zake, na wahusika waliruhusiwa kukosea bila kuadhibiwa papo hapo. Mlipaji alikuwa serikali ya Marekani kupitia mpango wake wa afya, ambayo haikuhitaji ada ya mwezi wala matangazo, ilihitaji hadithi iaminike kiasi cha kubadili mawazo ya watu, na kwa hiyo ikalipia utafiti, rasimu za muswada na mazoezi. Kaskazini zaidi, wilayani Pangani, shirika la UZIKWASA lilifuata njia inayofanana lilipotengeneza filamu ya Aisha, ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar, likiwa tayari na uzoefu wa kuzungusha sinema vijijini. Udhaifu wa mlipaji wa aina hii unajulikana pia: mpango wa afya ukibadilika, fedha hukatika, na hakuna msimu mwingine.

Kuna njia ya tatu, ya kazi chache zinazoandaliwa kwa miaka na kuuzwa zikiwa zimekamilika. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021 na baadaye ikapelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar, jambo ambalo nchi ilikuwa imelifanya mara moja tu kabla ya hapo, kwa filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Binti ya Seko Shamte, inayosimulia maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, iliingia Netflix, na nchini Kenya tamthilia ya Country Queen ya mwaka 2022, yenye sehemu sita pekee, ilitanguliwa na miaka kadhaa ya maandalizi na fedha za washirika wa Ujerumani. Kazi hizi zimeonyesha kiwango kinachowezekana. Hata hivyo mafundi waliozitengeneza wanahitaji kula katikati ya filamu moja na nyingine, na wanaowalisha ni walipaji wa tamthilia ndefu, hivyo kuziweka kambi hizi mbili katika uadui, kama mijadala ya mitandaoni inavyopenda, ni kukosa kuona kwamba watu ni wale wale.

Kinachoweza kubadilishwa bila kusubiri tajiri wa kigeni ni vifungu vya mikataba. Chaneli inayonunua sehemu 200 kwa mwaka inaweza kuagiza 120 kwa fedha zile zile na kudai muswada uliopitiwa mara mbili kabla ya kamera kuwashwa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaowakopesha wasanii, unaweza kukopesha uandishi wenyewe badala ya vifaa peke yake, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa kama chuo cha sanaa mwaka 1981, ina waigizaji na wanamuziki wa kutosha kuzaa pia kizazi cha waandishi wa tamthilia. Tangu Septemba 2025 MultiChoice imekuwa mali ya Canal+ ya Ufaransa, kampuni iliyojipatia jina kwao kwa tamthilia kama Engrenages na Le Bureau des légendes, ambazo waandishi wake walipewa muda wa kuandika. Mikataba ya misimu ijayo ya Maisha Magic Bongo itaonyesha kama muda huo utatolewa na huku, na mtu anayetaka kujua mapema aulize siku ngapi zimetengwa kwa kila sehemu na mwandishi analipwa kwa rasimu ngapi.