Kisiwa cha Tinian: mahali madini ya Kongo yalipandia ndege ya vita

Wakaaji wengi wa Ituri wamesikia jina la Hiroshima. Jina la Tinian, wachache sana. Lakini ni kwenye kisiwa hicho cha bahari ya Pasifiki ndipo madini yaliyochimbwa na Wakongo yalipakiwa ndani ya ndege mwaka 1945, yakaenda kuteketeza mji. Ndugu msomaji, tuelezane namna mambo yalifika pale.

Tinian ni kidogo, karibu kilometa za mraba 100 tu. Zamani kilitawaliwa na Wajerumani. Waliposhindwa katika Vita ya Kwanza ya dunia, makoloni yao yaligawanywa: Wabelgiji walipewa Rwanda na Burundi, majirani zetu, na Wajapani walipewa Tinian pamoja na visiwa vingine vya pale. Wakalima miwa, tena wakaweka askari.

Mwaka 1944 Wamarekani walikitaka juu ya sababu moja: ndege zao kubwa za B-29 zingeweza kutoka pale, kupiga Japani, na kurudi. Tarehe 24 Julai walijifanya wanataka kushuka karibu na mji wa kisiwa, upande wa kusini, mahali Wajapani walikuwa wanawangojea na mizinga. Kumbe jeshi lenyewe lilishuka kaskazini, kwenye fukwe mbili nyembamba ambazo Wajapani hawakuzitazamia. Tarehe 1 Agosti vita ilitangazwa kuwa imekwisha. Wamarekani zaidi ya 300 walikufa. Wajapani waliokufa walipita 5,000, na raia wengi nao walipoteza maisha. Kisha Wamarekani wakajenga pale kiwanja cha ndege chenye njia nne za kurukia.

Sasa turudi kwetu Kongo. Kule Katanga, karibu na Likasi, kuna mgodi wa Shinkolobwe. Uraniamu yake ilikuwa na nguvu kuliko ile ya migodi mingine iliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkubwa wa kampani ya Union Minière, alituma New York zaidi ya tani 1,000, juu aliogopa Wajerumani wasizikamate. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilizinunua, tena likaomba zingine. Mgodi uliokuwa umefungwa ukafunguliwa. Wachimbaji Wakongo wakashika mawe yale kwa mikono, vumbi ikaingia kifuani, na hakuna aliyewaambia kazi yake ni nini. Mzigo ulipita kwa treni na kwa masua hadi Matadi, halafu baharini.

Usiku wa tarehe 6 Agosti 1945, ndege Enola Gay iliruka kutoka Tinian. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa kutengeneza bomu yake ilitoka Shinkolobwe. Asubuhi ilianguka Hiroshima. Hadi mwisho wa mwaka ule, watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa. Siku tatu baada ya ile ya kwanza, ndege nyingine ilitoka kisiwa kilekile ikapiga Nagasaki.

Juu ya nini tunakumbusha haya hapa Nyankunde? Kwa sababu siye pia tunaishi juu ya madini. Babu zetu walichimba dhahabu ya Kilo-Moto chini ya ukoloni, na mpaka leo vijana wanashuka mashimoni kila asubuhi. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakupewa nafasi ya kuuliza. Siye tunaweza: nani ananunua mzigo huu? Unapitia wapi? Pesa yake inalisha nani, shule ao bunduki? Na vumbi hii, inafanya nini ndani ya mapafu ya mtoto anayetwanga mawe? Maswali hayo yaulizwe pale shimoni na katika mikutano ya kijiji, mbele mzigo haujaondoka.