Waridi Liitwalo Peace: Lafaa Bustanini, au Maonyeshoni?

Wengi katika wasomaji wetu hupenda kupanda maua mbele ya nyumba zao, au penye uwanja wa shule na baraza, na katika maua yote ni machache yapendwayo kama waridi. Mtu huona picha katika orodha ya muuza miche, ua kubwa lenye rangi ya kuvutia, hutoa fedha yake, na baada ya masika mawili huwa na kijiti chenye miiba kisicho na jani. Hulaumu udongo, hulaumu na mtunza bustani. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kununua, kwa kuwa hakuuliza: waridi hili lafaa kwa kazi gani? Maana liko waridi la kupendeza uani mwaka mzima, na liko la kusimama katika chombo siku moja mbele ya waamuzi, wala si sikuzote mti mmoja huziweza kazi zote mbili. Basi tutwae waridi moja mashuhuri, jina lake Peace, maana yake Amani, tulipime kwa mizani zote mbili.

Waridi hili ni la jamii iitwayo chotara wa chai. Asidhani mtu kwamba majani yake huchemshwa yakanywewa. Mawaridi ya chai yalitoka China, na watu wa Ulaya walisema kwamba harufu yake yafanana na ya majani ya chai. Yalikuwa na matumba marefu mazuri, tena yalichanua mara kwa mara, ila hayakustahimili baridi. Wakulima wakayachanganya na mawaridi ya Ulaya yenye nguvu. Chotara linalohesabiwa kuwa la kwanza ni La France, lililotolewa na Guillot wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1867.

Machotara hayo ya kwanza hayakuwa na manjano iliyoiva. Rangi hiyo ililetwa na Pernet-Ducher, naye ni wa Lyon vilevile, ambaye alichanganya na waridi la manjano la Uajemi, na mwaka 1900 akatoa Soleil d'Or. Msomaji na alikumbuke waridi hilo la Kiajemi, kwani tutalirudia tutakapofika kwenye magonjwa. Bwana huyu alifiwa na mwanawe Claudius katika vita mwaka 1914, akaliita waridi moja la manjano kwa jina lake, na waridi hilo ni mmoja wa mababu wa Peace.

Peace lenyewe ni kazi ya Francis Meilland, aliyeanza kulichanganya mwaka 1935 karibu na Lyon. Kabla vita havijafunga njia alipeleka vijiti vyake kwa wenziwe katika Ujerumani, Italia na Marekani. Kisha barua zikakatika, na kila mmoja akalipa waridi jina alilopenda. Wajerumani wakaliita Gloria Dei, Waitalia wakaliita Gioia, na Meilland mwenyewe akaliita Mme A. Meilland kwa kumkumbuka mama yake. Jina la Peace lilitolewa katika Pasadena, Marekani, tarehe 29 Aprili, 1945. Mwaka ule ule wajumbe waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake. Na mwaka 1976 lilikuwa la kwanza kuchaguliwa na shirikisho la vyama vya mawaridi vya dunia kuwa waridi lipendwalo kuliko yote.

Sifa ni sifa. Sasa tulitazame bustanini. Mti wake una nguvu, hufika mita moja na nusu na kupita, tena ni mpana, basi haufai kubanwa na jirani zake. Majani ni makubwa, ya kijani kizito, yang'aayo kama yaliyopakwa mafuta. Ua lina petali, yaani vile vijani laini vya ua, zaidi ya 40, na upana wake hufika sentimita 15. Rangi ni manjano yenye ukingo wa waridi hafifu. Mahali penye ubaridi wa milimani rangi hiyo hukolea vizuri. Penye jua kali ua hufunguka upesi, na manjano hupauka ikawa kama samli. Kwa hiyo mtu wa Limuru au Lushoto hataliona kama alionavyo mtu wa pwani, ingawa wamenunua mche mmoja.

Wengi huuharibu mti huu kwa kisu. Wakisha kusoma kwamba waridi hupogolewa, huukata mpaka kifundoni. Mawaridi mengine huvumilia, bali hili huchukia: hutoa machipukizi manene yasiyo na tumba. Likatwe kwa kiasi, na vijiti viachwe virefu.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa madoa meusi. Ni ukungu uingiao katika jani lililolowa; yatosha jani libaki na maji muda wa saa saba hivi, ndipo mbegu za ukungu huota. Madoa hutokea, jani hugeuka manjano, huanguka, na mti ukivuliwa majani kila mvua hudhoofika. Wajuzi husema kwamba lile waridi la Kiajemi, pamoja na rangi yake nzuri, liliwarithisha wajukuu unyonge mbele ya ugonjwa huu. Peace lilipotokea lilisifiwa sana kwa afya yake. Leo hushikwa kwa wepesi. Palipo na mvua nyingi na ukungu wa asubuhi, anayelipanda na ajue amejitwika kazi: kumwagilia shinani wala si juu ya majani, kufanya hivyo asubuhi ili jua likaushe, kuokota na kuchoma kila jani lililoanguka, na pengine kunyunyiza dawa. Asiye na nafasi ya kazi hiyo, mathalani mwalimu ambaye shule yake hufungwa wiki nyingi, ni afadhali achague waridi jingine.

Tena asihukumu kwa mwaka mmoja. Katika Marekani, waliotoa tuzo kwa mawaridi mapya, ambao walilituza Peace mwaka 1946, waliyatazama miaka miwili katika bustani za mahali mbalimbali. Nasi tukitaka kujua waridi la jirani, tusilitazame siku lililochanua tu. Twende baada ya masika, tuhesabu majani yaliyobaki.

Maonyeshoni mizani ni nyingine. Waamuzi wa Marekani hugawa alama 100 hivi: umbo 25, rangi 20, bua na majani 20, uthabiti wa petali 15, ulingano wa ua na bua 10, na ukubwa 10. Msomaji ataona mara moja kwamba ukubwa, ambao ndio tuupendao sisi tusiojua, una alama chache. Umbo ndilo kubwa. Ua litakiwalo limefunguka nusu mpaka robo tatu, petali zimezungushwa kwa utaratibu kama kilemba kilichofungwa na fundi, na kitovu kimeinuka kikawa na ncha.

Hapo ndipo Peace huponyokwa na alama. Bua lake ni imara, petali ni nene, ukubwa halikosi, lakini kitovu chake mara nyingi ni butu, na pengine hupasuka pande mbili kama njia panda. Katika maua kumi ya mti mmoja huenda moja au mawili tu yakawa na umbo la kushindania. Lakini hilo moja likipatikana ni ua la fahari kweli. Kwa maoni yetu, hili ni waridi la bustani ya milimani kwanza, na la maonyesho kwa bahati.

Kuna jambo moja ambalo mizani hizo za alama hazikulitaja, nalo ni harufu. Watu wa pwani walijua waridi kwa pua kabla ya macho. Marashi ya mrashi katika maulidi na arusi hutoka kwa waridi la Dameski, ambalo hata leo hulimwa katika Jabal Akhdar, Oman, kwa ajili hiyo. Atakayeinama kulinusa Peace akitazamia harufu ile atainuka na masikitiko, maana yake ni hafifu mno. Crimson Glory, chotara jekundu la mwaka 1935, hunukia sana, ila shingo yake ni legevu na ua huinamisha kichwa.

Anayetaka kushindana na aondoe mapema vitumba vya kando ili nguvu iende kwa kimoja, akate ua alfajiri au jioni, alitumbukize bua zima katika maji ya baridi kwa saa kadhaa, na ayafute majani kwa kitambaa kikavu, kwani kuyapaka mafuta yang'ae humtoa mtu katika shindano. Mwisho aandike jina kwenye kadi. Waridi lenye jina la uongo hutolewa hata likiwa zuri kuliko yote, na kwa kuwa hili lina majina manne, aulize kwanza kwa msimamizi ni lipi lililomo katika orodha yake.